Kura ya Jirani

Queensbury, London
10 Machi 1974

Ndugu yangu Talib,

Mimi mzima, kilemba changu kizima, na mkono unaoandika hapa ni wangu mwenyewe, hakuna karani wala mtoto aliyenisaidia, kwa hiyo ukiona herufi zimekaa kama watu waliotoka kilabuni usicheke. Shule nilikwenda miaka miwili tu. Lakini paa la ghala la mkonge pale Tanga bandarini nililisimamisha mimi, na mpaka leo halivuji. Waliosoma wamesimamisha nini?

Umeniuliza uchaguzi wa huku ukoje. Basi umemuuliza mtu anayejua. Mwezi uliopita tulipiga kura ya Bunge. Unaingia shuleni, darasa la watoto wadogo, viti vimefika magotini. Unapewa karatasi. Hakuna picha, hakuna jembe, hakuna nyumba. Ni majina matupu, na chini ya jina wameandika chama chake. Unatia eksi, unakunja, unatumbukiza, unakwenda zako. Nilimaliza kabla karani hajapiga chafya.

Chama changu ni Leba. Nitakuwa Leba mpaka siku nitakayochomwa moto, na hata moshi wangu utakuwa wa Leba. Sababu nitakwambia. Nilipofika nilipata kazi kiwanda kimoja cha fanicha kule Edmonton. Siku ya tatu mnyapara akaniambia nivue kilemba nivae kofia ya kazi. Nikamwambia kichwa anaweza kukitoa, kilemba hapana. Akaniambia niende nyumbani. Ndipo akatokea Bwana Perkin, mkuu wa chama cha wafanyakazi pale, mwembamba kama fito, hanijui simjui. Akapita kwenye mashine moja moja, akasema neno, na mashine zikanyamaza. Kiwanda kizima, Talib! Wazungu wamekunja mikono kwa ajili ya kitambaa cha Kalasinga. Jioni yake mnyapara mwenyewe alinifungulia mlango.

Sasa mwezi wa tano kuna uchaguzi mwingine, wa madiwani, na Bwana Perkin anagombea kwetu hapa. Nimempa mkono wangu kwamba nitampigia yeye na wenzake wa Leba wote. Yeye mwenyewe amesema bila mimi hakuna Mhindi wa mtaa huu atakayemfungulia mlango. Hilo kweli.

Kuna jambo dogo la nyumbani. Indu, mke wa Balbir wangu, naye anagombea, kwa chama cha pili, Konsavativ. Si jambo zito. Walikosa mtu wakaweka jina lake.

Ni mimi,
Fundi Gurdial Singh


Ngamiani, Tanga
24 Machi 1974

Kalasinga wangu,

Barua imefika na herufi zako nimezisoma zote, zilizolewa na zilizo macho. Tumefurahi kusikia u mzima. Paa la ghala halivuji kwa sababu mwaka jana walibadilisha mabati. Usikasirike.

Umeniandikia ukurasa mzima wa Bwana Perkin, halafu mkaza mwanao umempa mistari miwili mwishoni, kama mtu anayeficha kidonda kwa kanzu. Gurdial, mimi nakujua. Jambo dogo kwako huwa kubwa.

Hebu nieleze, maana hapa barazani nimewasomea na watu wamekataa kuondoka. Vyama viwili vinalalaje nyumba moja? Anayepika ni nani? Ukienda kumwombea kura Bwana Perkin, unapita mlango uleule anaopita yeye kwenda kukupinga? Mkikutana kwenye ngazi mnasalimiana?

Sisi huku unajua mambo yetu. Chama kimoja. Wagombea wawili wa TANU, mmoja jembe mwingine nyumba, basi. Mwaka sabini nilisimamia kituo, na ndugu wawili wa tumbo moja walishindana. Mama yao akaja, akaitazama karatasi sana, akaniuliza kama hawezi kulima na kulala ndani pia. Watu walicheka, lakini mimi sikucheka, niliona macho yake.

Kwa sababu chama ni kimoja, hapa hakuna anayekiuliza. Tunauliza mtu. Anasalimia? Analewa? Aliposhika fedha za msikiti ilikuwaje? Ninyi wenye vyama vingi, mnauliza nini? Nataka kujua kwa kweli, si mzaha.

Na mkaza mwanao anataka nini hasa?

Wako,
Talib, balozi wa nyumba kumi zilezile


Queensbury
7 Aprili 1974

Talib,

Mabati walibadilisha, mbao ni zangu.

Waambie watu wa baraza wakae vizuri nitawaeleza. Indu alikuwa mwalimu Kampala. Mwaka 1972 Wahindi wa Uganda walipofukuzwa alifika hapa na sanduku moja na koti la mtu mwingine, akakaa kambi ya jeshi kwenye baridi, mpaka Balbir wangu alipokwenda kule kutengeneza madirisha akarudi na mchumba. Serikali iliyokuwapo wakati ule ilikuwa ya Konsavativ, na ndiyo iliyowafungulia mlango. Basi yeye anasema aliyenifungulia mlango simsahau. Na mimi nasema aliyesimamisha mashine simsahau. Kila mmoja ana mlango wake, Talib, ndiyo ugomvi wenyewe.

Juzi mezani akaniambia, "Baba, na walioufunga mlango mwaka sitini na nane, Wahindi wa Kenya wakalala viwanja vya ndege, walikuwa chama gani?"

Nikamwambia anipe chumvi.

Lakini hagombei kwa ajili ya mlango tu. Pale shuleni anapofundisha kuna barabara kubwa, magari yanapita kama yameibwa. Mtoto mmoja wa darasa lake alivunjwa mguu. Indu anataka wawekewe mahali pa kuvukia na taa. Amekwenda kaunsil, ofisi ya madiwani, wakampa kikombe cha chai. Amerudi wakampa kingine. Ndipo akasema kama chai ndiyo hiyo, bora akainywee ndani.

Dirisha letu la mbele lina karatasi mbili, nyekundu yangu kushoto na bluu yake kulia. Mzungu wa posta alisimama akatazama, akauliza kama nyumba imepangishwa vipande viwili.

Unauliza anayepika. Anapika yeye. Na hilo ndilo linanisumbua. Nilingoja chai iwe nyepesi, nilingoja siku moja asahau iliki, ili nami niwe na la kusema. Chai ni ileile. "Baba, chai." Iliki ileile. Huyu mwanamke ananipiga vita na hanipigi.

Sasa sikiliza mambo ya karatasi, ndipo utashangaa. Madiwani wa kwetu ni watatu, kwa hiyo kila mtu ana alama tatu. Leba wamesimamisha watatu, Konsavativ watatu. Indu akaniambia mbele ya Balbir, "Baba unazo tatu. Mbili wape wenzako. Moja nipe mimi. Sheria inaruhusu." Nikamwambia mlango ukitoa ubao mmoja ukatia wa mti mwingine, mvua ikija huu unavimba na huu hauvimbi, mlango haufungi tena. Chama ni hivyohivyo. Akasema, "Sawa, Baba." Sawa gani hiyo?

Balbir yeye anasema atapiga mbili kwetu na moja kwa mkewe, na amelala usingizi usiku huohuo kama mtoto.

Nimepita nyumba zote za Wahindi. Mama Hansa, mjane wa Kisumu anayekaa mlango wa tatu, akanisikiliza mpaka mwisho na kunipa chapati, halafu akasema, "Fundi, na mkweo je?" Nikamwambia siasa ni siasa. Akasema, "Ndiyo. Na mkweo je?" Nyumba ya mbele wakaniuliza hivyohivyo. Nyumba ya pembeni hawakuniuliza, walinitazama tu.

Na jambo moja sijalielewa, mnieleze ninyi mliokaa barazani. Jumamosi nilimwona Bwana Perkin na mgombea mkubwa wa wale wengine wamesimama nje ya steshen, wanawashiana sigara na kucheka. Nikamuuliza. Akasema, "Gurdial, tumekuwa tukishindana miaka kumi na miwili, mke wake ndiye alimfundisha wangu kuendesha gari." Watu gani hawa? Mimi kwa ajili yake nimepigana na chai yangu mwenyewe!

Fundi Gurdial Singh


Tanga
18 Aprili 1974

Gurdial,

Naandika haraka ili ifike kabla hujapiga kura.

Baraza limegawanyika. Nusu wanasema mkono ukishautoa umeutoa. Nusu wanasema iliki. Mimi balozi wao sikupata uamuzi, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Lakini nakwambia langu. Fanya kama sisi. Jifanye hao wote sita ni chama kimoja, majembe na nyumba, rangi hakuna. Kisha uliza: watatu gani ningewapa barabara ya shule? Ukipata jibu, huo ndio uamuzi wako, na mkono uliompa Bwana Perkin bado ni wake, maana yeye naye yumo ndani ya watatu. Anayebaki nje ni mwenzake mmoja tu, ambaye hata jina lake hujaniandikia.

Najua utakataa. Umeahidi "wote" na wewe neno likishatoka huliokoti.

Basi jua hili. Indu hakuhitaji wewe ili ashinde. Wenyewe waliweka jina lake kwa kukosa mtu, umeniandikia mwenyewe. Anataka kujua kama katika nyumba ile yeye ni mtu wenu, au ni mke wa Balbir aliyekuja na koti la kuazima. Hilo ndilo analoomba, na anaomba kwa adabu, kwa alama moja kati ya tatu.

Talib


Queensbury
3 Mei 1974

Talib ndugu yangu,

Nimepiga kura jana, na ndani ya London yote hakuna mtu aliyepiga kura kama yangu. Waambie baraza.

Barua yako ilifika asubuhi ileile. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikavaa kilemba cha sherehe. Nikaenda peke yangu. Nilisimama kwenye kile kibanda cha mbao, kibovu, misumari imetokeza, mtu angeniita ningekitengeneza bure. Nilikaa mpaka karani akakohoa. Nikamwambia kwa Kiingereza, ngoja.

Nilimwahidi nani? Nilimwahidi Bwana Perkin, kura kwa Leba wote watatu. Neno langu nimelishika, hakuna wa kuninyooshea kidole. Na la nyumbani pia nimelifanya, hakuna wa kuninyooshea kidole huko nako. Usiniulize vipi. Mimi nimepewa kazi ngumu nyingi maishani na sijawahi kurudisha hata moja nikasema haiwezekani. Walisema chagua huku au huku. Mimi sikuja London ili karatasi iniambie nina nafasi ya watu wangapi.

Nilitoka nje nikajisikia mwepesi. Nimekula vizuri. Indu aliniuliza, "Umepiga, Baba?" Nikamwambia, "Nimepiga, na usiwe na wasiwasi." Akanitazama sana.

Leo wanahesabu kwenye ukumbi wa kaunsil. Indu na Balbir wamekwenda. Mimi nimebaki, kwa sababu mtu aliyemaliza kazi yake hasimami kutazama wengine wanafagia.

Fundi Gurdial Singh


Queensbury, London
12 Mei 1974

Mzee Talib, shikamoo.

Hunijui, lakini mimi nakujua kwa barua zako ambazo Baba huzisoma kwa sauti akidhani ukuta ni mnene. Ni Indu, mke wa Balbir. Kiswahili changu ni cha Kampala, utanisamehe.

Sina mwingine wa kumwandikia. Tulioingia kwenye chumba cha kuhesabia tuliapishwa kutunza siri, na ninayokuambia hapa simwambii hata Balbir. Naomba nawe usimwambie Baba.

Walipomaliza kuhesabu, Leba walipata viti viwili bila taabu. Kiti cha tatu, mimi na Bwana Perkin tulilingana. Sawasawa kabisa, Mzee. Wakahesabu tena, sawasawa. Watu walikuwa wamechanganya alama: wawili huku na mmoja kule, kina mama wa Kihindi na Wazungu pia, kila namna ya mseto. Hata wa chama changu walishangaa.

Kabla ya hapo msimamizi alikuwa ametuita wagombea kuzitazama zile karatasi zenye shaka, moja moja, aseme kama zinafaa au zimeharibika. Moja mtu alichora uso unaocheka. Moja ilikuwa tupu. Halafu akainua moja yenye alama nne.

Leba watatu, na mimi.

Alama zenyewe hazikuwa eksi ya kawaida. Baba anapotia alama kwenye ubao hukaza mkono, na kwenye kila ncha huweka kijimstari kifupi, ili msumeno usipite. Mbao zote za uani kwetu zina alama hizo. Zile tatu za juu zilikuwa za haraka. Ile ya kwangu ilikuwa imekazwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Msimamizi akasema, "Alama zimezidi. Imeharibika." Akaiweka upande.

Bwana Perkin alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi. Amefanya kazi na Baba miaka mitatu kwenye meza moja. Nilimwona anaitazama, nikamwona ananitazama mimi. Akatoa leso akapenga, na mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Unaona jinsi ilivyo, Mzee. Baba angetia tatu za chama chake, ningeshindwa kwa moja. Angenipa mimi na kumwacha yule mwenzao wa tatu, tungelingana vilevile, maana Perkin angekuwa na yake. Angemwacha Perkin, ningeshinda. Alikataa kumwacha yeyote, na sheria ikatuacha sote.

Majina yetu wakayatia kwenye bahasha mbili, msimamizi akachagua moja. Ilikuwa ya Bwana Perkin. Alinipa mkono akaniambia jambo lake la kwanza kaunsil litakuwa ile barabara ya shule, na kwamba nimwandikie maneno ya kusema, maana mimi nimeyasema mara nyingi zaidi.

Kwenye basi la kurudi nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Balbir alidhani ni kwa ajili ya kiti. Nimeshindwa, Mzee Talib, na sijawahi kuona karatasi nzuri kama ile.

Baba anatembea nyumbani kama mfalme. Anasema, "Sawasawa! Nilisema mimi!" Hajui kwamba hakuhesabiwa. Sitaki ajue, atavunjika.

Binti yako,
Indu


Queensbury
9 Juni 1974

Talib,

Umenyamaza mwezi mzima. Kama ni mabati, nimekusamehe.

Huku mambo yamebadilika na hakuna anayeniambia kwa nini. Indu ameshindwa lakini anaimba jikoni. Bwana Perkin alikuja nyumbani na bati la biskuti, akakaa na Indu wakaandika hotuba ya barabara, nyekundu na bluu meza moja, na mimi nikapika chai kwa sababu hawakuwa na nafasi. Kila nikipita Bwana Perkin ananipiga bega anasema, "Ah, Gurdial." Ah Gurdial nini? Nikimuuliza anakula biskuti.

Jumapili gurdwara, hekaluni kwetu, mzee mmoja anayejifanya anasoma magazeti alisema kwamba kwenye wadi yetu kulikuwa na kura zilizotupwa kwa sababu alama zilizidi. Watu wakacheka, wakasema ni mjinga gani huyo. Na mimi nilicheka.

Sasa nina swali. Si langu. Kuna jirani yangu mmoja, simtaji, mtu mkaidi sana lakini fundi mzuri. Yeye alikuwa na watu wanne moyoni na nafasi tatu. Akawatia wote. Alidhani watahesabu tatu wapendazo, au wataona mwenyewe ni mtu mzima anajua anachofanya.

Jirani huyu sasa halali vizuri. Hajali kucheka kwa watu. Anasema hivi: kama ile karatasi ilitupwa, basi hakumpa mtu kitu, si yule aliyempa mkono, si yule wa nyumbani. Na yule wa nyumbani aliomba alama moja tu. Jirani alimpa, aliikaza kweli kweli, lakini imekwenda kwenye pipa na yule hatajua maisha yake yote kwamba alipewa. Na jirani hawezi kumwambia kwa mdomo. Mdomo wake haukujengwa hivyo.

Wewe ulisimamia kituo. Karatasi kama ile inakwenda wapi? Nijibu mapema, jirani anasumbua.

Gurdial


Ngamiani, Tanga
20 Juni 1974

Gurdial ndugu yangu,

Nilinyamaza kwa sababu niliombwa kutunza jambo, na mimi nikiwa na jambo la kutunza siwezi kuandika hata salamu. Bado nalitunza. Lakini umeniuliza kazi ya kituo cha kura, na hiyo si siri ya mtu.

Mwambie jirani yako karatasi yake haikuhesabiwa. Hilo simfichi. Mkaidi akitaka watu wanne kwenye nafasi ya watatu, sheria haimbishii, inamruka tu.

Ila mwambie na hili pia. Karatasi yenye shaka haiendi kwenye pipa moja kwa moja. Kwanza msimamizi huinyanyua, na wagombea huitwa waje karibu waitazame, kila mmoja aliyetiwa alama aione alama yake. Hapa Tanga tulifanya hivyo. Na huko London, watu wanaopenda utaratibu kama hao, sidhani kama wanafanya pungufu.

Sasa akae afikiri ni nani alikuwa chumbani siku ile, halafu ashuke jikoni akanywe chai yake.

Talib